Umeme Ukikatika, Bomba Ndilo Huumia

Bomba la kilomita 10 lenye kipenyo cha nusu mita hubeba karibu tani 2,000 za maji. Uzito huo ukiwa mbioni hausimamishwi ghafla bila gharama. Mjini Moscow, mwaka 1897 na 1898, Nikolai Joukowsky alichunguza kwa nini mabomba ya jiji yalikuwa yakipasuka. Alionyesha kwamba kila mita moja kwa sekunde ya mwendo inayozimwa papo hapo katika bomba la chuma huongeza presha sawa na ya maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 100 hivi.

Presha hiyo husafiri kama wimbi, takriban mita 1,000 kwa sekunde. Kwa bomba letu, wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 20. Valvu ikifungwa ndani ya muda huo, madhara ni yaleyale ya kuifunga kwa mkupuo. Ndiyo maana valvu za njia kuu huwekewa gia, gurudumu lizungushwe mara nyingi.

Lakini valvu ina mtu wa kuiamuru. Umeme hauna. Kule Ihelele, ambako maji ya Ziwa Victoria husukumwa kupanda kilima cha Mabale ili yateremke hadi Kahama na Shinyanga, na popote penye pampu, mbunifu lazima ajiulize kwanza: pampu zote zikizimika pamoja itakuwaje? Hapo presha huanza kwa kushuka. Kwenye miinuko maji huweza kukatika vipande viwili, kisha vipande hivyo hurudiana na kugongana kwa nguvu ya kupasua chuma. Kabla ya hapo, penye ufa bomba hunyonya maji machafu ya ardhini. Madhara haya ya pili husahaulika mno, ilhali ndiyo yanayofika kwenye kikombe cha mtoto.

Wengi hukimbilia bomba nene. Ni ghali kwa urefu wote wa njia, na halizuii maji kukatika. Afadhali tangi la hewa iliyoshindiliwa kando ya pampu, lirudishe maji bombani presha inaposhuka, pamoja na valvu za hewa kwenye miinuko. Hizo nazo zipimwe vizuri. Ikitoa hewa kwa kasi mno, valvu huzusha mshindo wake yenyewe.

Kamati za maji na halmashauri, kabla ya kusaini mkataba daini hesabu ya pampu kuzimika ghafla. Mhandisi asiyeileta hajamaliza kazi.