Uwezo wa kipekee: Mlango mwembamba wa daktari bingwa kuingia Marekani

Na Mwandishi Wetu

DAKTARI bingwa wa kigeni anayetaka ukaazi wa kudumu nchini Marekani anaweza kujiombea mwenyewe, bila kusubiri hospitali imdhamini, iwapo atathibitisha kuwa ana uwezo wa kipekee katika fani yake.

Njia hiyo, ambayo wanasheria huiita EB-1A, ilitokana na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990. Mwombaji hujaza fomu I-140 na kuiwasilisha USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji nchini humo. Hatakiwi kuthibitisha kwanza kwamba Wamarekani wa kuifanya kazi hiyo wamekosekana.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Asiye na tuzo kubwa ya kimataifa, mithili ya Nobel, hutakiwa kutimiza angalau vigezo vitatu kati ya kumi. Vingine, kama maonesho ya sanaa, havimhusu tabibu. Anavyoweza kuvitegemea ni makala za kitaalamu alizochapisha, kualikwa kuhakiki kazi za wenzake, mchango mpya wenye uzito katika tiba, wadhifa muhimu katika taasisi yenye jina, au mshahara unaozidi kwa mbali wa wanataaluma wenzake.

Hata hivyo, kufikisha vitatu hakutoshi. Tangu hukumu ya rufaa ya mwaka 2010 katika kesi ya Kazarian, aliyekuwa mwanafizikia, maofisa huhesabu vigezo kwanza, kisha hupima ushahidi wote kwa pamoja ili kuona kama mwombaji yumo kweli miongoni mwa wachache waliofika kileleni.

Hapo ndipo madaktari wengi hodari hukwama. Daktari wa upasuaji aliyeokoa maisha ya mamia ya watu, lakini hakuandika chochote wala mbinu yake haikuigwa kwingine, ana mikono mizuri na faili jembamba. Barua ya sifa kutoka kwa mkuu wake wa kazi ina nafasi yake, ila yenye nguvu zaidi ni ya bingwa wa hospitali nyingine, asiyewahi kufanya naye kazi, anayeeleza jinsi alivyoitumia mbinu hiyo. Ni dhahiri kwamba kipimo hiki humpendelea mtafiti kuliko mganga wa wodini.

Aidha, wengi waliokwenda kusomea ubingwa kwa viza ya J-1 wana deni la kurejea kwao kwa miaka miwili. EB-1A hailifuti. I-140 yaweza kukubaliwa, na kadi ya kijani isitoke. Wapo wanaosamehewa kupitia mpango wa Conrad, ulioanza mwaka 1994 na ambao Bunge limekuwa likiuongezea muda; daktari hufanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye uhaba wa matabibu, na kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka.

Wengine hukimbilia viza ya O-1, nayo ya uwezo wa kipekee lakini ya muda, inayotolewa kwa hadi miaka mitatu kwa kuanzia na inayohitaji mdhamini. Mwenye deni la J-1 hawezi kubadilishiwa hadhi akiwa ndani ya Marekani. Hulazimika kuiomba ubalozini, nje ya nchi, na deni lake hubaki palepale.

Hata kadi ikipatikana, haimruhusu mtu kushika kisu. Leseni ya kutibu hutolewa na bodi ya jimbo, ambayo kwa kawaida hudai kufaulu mitihani ya USMLE na mafunzo ya vitendo katika hospitali za huko.