Likizo Bagamoyo bila kugusa mtaji: hesabu yangu yote hii hapa

Wiki iliyopita niliandika kuhusu kutuma mzigo kwa basi, wengi mkaniuliza swali lingine kabisa: sisi tunaouza mtandaoni tunapumzika lini, na kwa hela ipi? Leo nalijibu hilo kwa hesabu zangu mwenyewe, za aibu kwanza, za nafuu baadaye.

Mimi niko Morogoro. Mji wetu mnaujua kwa jina lake la utani, mji kasoro bahari. Milima tunayo, mito tunayo, ndizi za Kinole na karoti za Mgeta tunazo, ila mtoto akitaka kuona bahari lazima usafiri. Nauza viungo vya Uluguru: pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki. Duka langu ni simu, stoo yangu ni chumba cha nyuma, na mizigo mingi inatokea Msamvu kwenda Dar na Dodoma.

Desemba 2023 nilikuwa nimechoka haswa. Kwenye laini ya simu nikaona 940,000. Nikamwambia mume wangu, tumpeleke mtoto bahari. Tukaenda Bagamoyo tarehe 26, siku 4, hoteli ya ufukweni, soda za bei ya ajabu, bajaji kila tulipotaka kwenda. Tukatumia 640,000.

Sasa angalieni kosa langu. Kwenye ile 940,000, shilingi 310,000 zilikuwa za wateja waliolipia oda ambazo sijatuma. Shilingi 180,000 zilikuwa za Mzee wa Kinole anayenilimia pilipili manga, alikuwa amenishikia kilo 20 kwa 9,000 kila kilo. Hela yangu ya kweli ilikuwa 450,000, na hata humo ndani kulikuwa na ya mifuko na ya nauli za mizigo. Mimi nikaona namba moja kwenye simu nikaiita yangu.

Tarehe 28 Mzee akanipigia nikiwa mchangani. "Mwanangu, ile hela vipi, Januari hii hapa, wajukuu wanataka sare." Nikamwambia, shikamoo Mzee, naomba univumilie hadi wiki ijayo. Akasema haya. Hakunigombeza. Lakini niliporudi, pilipili ilishachukuliwa na mtu mwingine mwenye hela mkononi, na sikuwa na uso wa kumlaumu. Mimi wateja wameshalipa! Ikabidi nikanunue Soko Kuu la Chifu Kingalu kwa 13,000 kilo. Kilo 20 hizo ni 260,000, yaani 80,000 zaidi ya bei ya Mzee. Kwenye laini nilibaki na 40,000.

Halafu nikakaa nikapitia meseji. Kwa zile siku 4 simu ya biashara nilikuwa naijibu nikikumbuka. Nilihesabu oda 11 zilizonipita, watu waliuliza bei, wakasubiri, wakanunua kwingine. Kwa kila oda napata faida ya kama 6,000, kwa hiyo ni 66,000 nyingine. Jumlisha mwenyewe: 640,000, na 80,000, na 66,000. Likizo yangu ilikuwa ya 786,000, na ile 146,000 ya mwisho sikuifaidi hata kidogo.

Ndiyo maana watu wakiniuliza namna ya kubana matumizi Bagamoyo, sianzi na bei ya chumba. Muuzaji mdogo hela inamvujia nyumbani kabla hajapanda basi.

Kilichonisaidia ni kuwa na laini mbili. Laini ya biashara ina lipa namba, wateja wanalipia hapo tu. Kila Ijumaa najilipa mshahara 40,000 kutoka humo kwenda kwenye laini yangu binafsi. Ndogo, najua, lakini ndiyo biashara yangu inachoweza kunipa bila kulia. Kwenye huo mshahara nikawa natoa 8,000 ya safari. Nilianza Ijumaa ya tarehe 9 Februari 2024, na mwisho wa Agosti zilitimia Ijumaa 30. Hiyo ni 240,000. Nilikuwa naiweka kwa dada yangu, anayejua kunikatalia, maana kibubu changu nilishakivunja mara mbili mwaka wa nyuma kwa visingizio vya kijinga.

Usiseme 8,000 haifiki bahari. Inafika, ila ina siku zake.

Siku nilizichagua kwa daftari la mauzo. Fungua lako uangalie: wengi wetu mauzo yanapanda kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5, watu wakiwa na mshahara. Kati ya tarehe 8 na 18 simu inapoa. Hizo ndizo siku zako za kusafiri. Ukienda mwisho wa mwezi unalipa chumba na unakosa wateja kwa wakati mmoja. Epuka pia sikukuu na likizo za shule, Juni na Desemba, maana familia zote za Dar zinawaza kama wewe. Mtoto wetu alikuwa na miaka 4, shule bado, tukachagua Jumatatu tarehe 9 hadi Alhamisi tarehe 12 Septemba. Kama wanao wako shule nenda siku za mwanzo za likizo, kabla sikukuu hazijakaribia.

Siku 6 kabla niliweka tangazo kwenye status: "Mzigo wa mwisho wiki hii unatoka Jumamosi saa 9 alasiri. Oda za baada ya hapo zitatoka Ijumaa ijayo, isipokuwa pilipili na mdalasini ambazo zitatumwa kama kawaida." Nilidhani nitawaudhi. Kumbe waliokuwa wanasitasita wakalipia siku hiyohiyo!

Pilipili na mdalasini ndiyo zinatoka zaidi, kwa hiyo nilifunga pakiti 20 kabisa nikamwachia mdogo wangu pamoja na simu ya biashara. Nikamwandikia bei zote, gharama ya mzigo kila mkoa, na majibu ya maswali yanayojirudia. Nikamlipa 20,000, na hiyo ni gharama ya biashara, iandike. Namba ya siri ya pesa sikumpa. Siyo kwamba simwamini. Alikuwa anaona meseji ya malipo imeingia, anatuma mzigo, basi, hakuhitaji kutoa hela. Nauli za Msamvu nilimwachia taslimu. Ziliingia oda 9, akatuma 7, wawili waliotaka iliki wakakubali kusubiri. Mteja mmoja alilalamika amejibiwa kwa kifupi mno. Nimelipokea.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Morogoro kwenda Bagamoyo una njia mbili, na watu wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni kupitia Dar. Tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, sisi tumepata raha. Tulikata treni ya kawaida, 13,000 mtu mzima na 6,500 mtoto, jumla 32,500. Tukishuka Dar tukapanda daladala hadi Makumbusho, pale ndipo Coaster za Bagamoyo zilipo. Hiyo sehemu ya pili ilitugharimu 12,000 wote watatu.

Njia ya pili haigusi Dar kabisa. Unachukua gari la Chalinze, unaunga hadi Msata, na pale Msata unapata barabara ya lami ya kilomita 64 inayoshuka moja kwa moja Bagamoyo. Hii ndiyo tuliyorudi nayo, 28,000 kwa wote. Ni rahisi zaidi kwa hela, lakini unabadilisha magari, na pale Msata tulikaa karibu saa nzima juani. Ukiwa na mizigo mingi au mtoto mchanga, lipa tofauti upite Dar.

Kwenda nilipitia Dar kwa sababu nyingine. Nilikuwa na pakiti 6 za wateja wa Dar waliokuwa wameshalipia usafirishaji, 3,000 kila mmoja. Nikaziweka kwenye begi dogo, bodaboda wao wakazichukua pale nje ya stesheni. Hiyo 18,000 ambayo ingeenda kwa basi ilibaki kwenye biashara. Kwenye biashara, jamani, siyo kwenye likizo! Mume wangu alinuna kidogo kwamba tumefika Dar na bado nauza. Alikuwa na haki. Pakiti ya mwisho ilipochukuliwa nilizima data hadi jioni.

Chumba tulilala mjini, gesti safi ya feni, dakika kama 10 kwa miguu hadi baharini. Hoteli ya ufukweni inakuuzia mandhari, na wewe mandhari unayaona ukiamka na kutembea. Bei ilikuwa 30,000. Nikasema tu, "Dada, sisi tunalala siku tatu na ni katikati ya wiki, tufanyie vizuri." Akashuka hadi 25,000. Uliza pia kama chai imo. Kwetu haikuwemo, ila jirani kulikuwa na mama anapika chapati na supu, kwa hiyo hatukujuta. Na kabla hujapanga tarehe uliza kama tamasha la sanaa la pale TaSUBa liko karibu, maana wageni wakijaa hakuna wa kukupunguzia.

Chakula nenda soko la samaki pale ufukweni, mchana boti zikishaingia. Usikimbilie mnada, ule ni wa wenye ndoo na majokofu. Wapo akina mama wanaokaanga palepale, chagua samaki wako, kubaliana bei kabla hajaingia kwenye mafuta, ongeza mihogo. Chakula chote kwa siku 4 kilitufikia 66,000, na mtoto alikula pweza hadi nikaogopa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mara ya kwanza ni maji. Desemba ile tulifika ufukweni saa 4 asubuhi, bahari hakuna! Imekimbia mbali, tope tupu, mtoto analia. Ilikuwa mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii saa za asubuhi kama hizo ndipo yanapokuwa yametoka. Ukienda siku za nusu mwezi unakuta maji mafu, hayaendi mbali. Septemba tulipata hivyo, asubuhi maji yako karibu, tukaoga tukashiba, mchana tukapumzika. Muulize mvuvi yeyote leo maji yanajaa saa ngapi, kesho ongeza kama dakika 50. Haigharimu kitu, na inakuokoa kulipia boti au bwawa la hoteli kwa sababu bahari "haipo".

Vivutio beba kitambulisho cha NIDA. Kwenye magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje. Tulienda pia misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, ambapo mwili wa Livingstone ulipitishwa mwaka 1874 ukielekea Uingereza. Mtoto hakujali, yeye alipenda mibuyu. Viingilio na bajaji vilikula 17,000.

Jumla sasa. Usafiri 72,500. Chumba siku 3, 75,000. Chakula 66,000. Viingilio na bajaji 17,000. Ni 230,500. Zikabaki 9,500, nikamnunulia dagaa wakavu Mzee wa Kinole.

Ijumaa asubuhi nilipanda Kinole. Laini ya biashara ilikuwa na hela yake yote, nikamlipa kilo 15 palepale kabla hajazitoa stoo. Akazihesabu hela mara mbili, akanusa wale dagaa, akaniuliza kama bahari bado iko palepale. Bei alinipa 9,500. Ile ya 9,000 alisema ilikuwa ya mwaka jana, kabla sijamwambia avumilie.