Kutoa Pikapu kwa Hisani Nchini Marekani: Sadaka Hupimwa kwa Bei ya Mnada (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza ni mashirika yapi sheria ya Marekani huyatambua kuwa ya hisani, yaani yale ya kifungu cha 501(c)(3), yakiwemo makanisa na misikiti. Leo tushike gari lenyewe. Nimechagua pikapu kwa kuwa ni gari la kazi: hata ikichakaa rangi na viti vikatatuka, bado inabeba. Ndiyo maana inaniuma kuona inatolewa kwa nia njema, kisha faida yake inaishia mikononi mwa watu wa kati.

Mwaka 2003 GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani shughuli za serikali, ilifuatilia magari 54 ya hisani tangu yalipotoka kwa watoaji hadi fedha zilipofika kwenye mashirika. Mojawapo lilikuwa trak la mwaka 1983, lililotolewa mwaka 2001. Mnadani liliuzwa dola 375. Wakala aliyeendesha shughuli akakata gharama zake na za matangazo, zikabaki dola 63. Hizo nazo zikagawanywa nusu kwa nusu kati ya wakala na shirika, na shirika likapata dola 31 na senti 50. Mtoaji yeye alikuwa ameangalia kitabu cha bei za magari na kudai kwenye hesabu zake za kodi kwamba ametoa sadaka ya dola 2,915. Wala halikuwa tukio la pekee. Katika theluthi mbili ya magari yale 54, mashirika yalipata asilimia 5 au chini ya hapo ya thamani iliyodaiwa. Maskini aliyetajwa kwenye tangazo aliambulia makombo, na hazina ya taifa ikakosa kodi.

Bunge likabadilisha sheria mwaka 2004, na kuanzia Januari 2005 utaratibu ni mwingine. Gari likiuzwa zaidi ya dola 500, mtoaji anaruhusiwa kudai kiasi kile kile lilichouzwa, basi. Tuchukue mfano: kitabu kinasema pikapu yako ina thamani ya dola 4,000, mnadani ikauzwa 1,200. Sadaka yako mbele ya mamlaka ya mapato, IRS, ni dola 1,200. Ikiuzwa dola 500 au pungufu, unaweza kudai thamani yake halisi ya soko, mradi isizidi 500.

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tuseme wazi. Dola hizo 1,200 hurudishiwi mkononi. Zinapunguza mapato yanayotozwa kodi, na kwa anayetozwa asilimia 22 nafuu yake haizidi dola 264. Tena nafuu hiyo humfikia tu anayeorodhesha makato yake moja moja. Kwa mwaka wa kodi 2025 mtu asiye na ndoa kwa kawaida alikuwa na punguzo la kawaida la dola 15,750, na wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja dola 31,500. Walipa kodi karibu tisa kati ya kumi huchukua punguzo hilo, hawaorodheshi. Kwao matangazo ya redioni yanayosifu nafuu ya kodi hayana maana yoyote. Wakitoa gari, watoe kwa sababu wanataka lisaidie.

Na likisaidia kweli, sheria yenyewe inalipa heshima. Kuna hali tatu ambazo mtoaji huruhusiwa kudai thamani kamili ya soko. Ya kwanza, shirika lilitumie gari kwa kazi zake kwa kiasi kikubwa kabla ya kuliuza. IRS hutoa mfano wa gari linalopeleka chakula kwa wahitaji kila siku kwa mwaka mzima. Ya pili, shirika lilifanyie matengenezo makubwa yanayoongeza thamani yake. Kuliosha na kubadilisha oili hakuhesabiki. Ya tatu, limpe mhitaji bure au limuuzie kwa bei iliyo chini sana kuliko ya soko, ikiwa kuwasaidia watu wa namna hiyo kupata usafiri ni sehemu ya kazi ya shirika. Thamani inayodaiwa ikizidi dola 5,000, lazima mthamini aliyehitimu aandike taarifa yake.

Mimi naona hali hizi tatu ndizo moyo wa jambo zima. Kabla ya kupiga simu kwenye namba ya tangazo, uliza jirani: kituo kinachogawa chakula, kanisa linalowapokea wakimbizi, chuo kinachofundisha ufundi wa magari. Swali ni moja tu: mtaitumia? Wakisema hawana haja nayo, iuze mwenyewe na uwape fedha taslimu. Hapo hakuna wakala wa kukata chake.

Makaratasi yana hatari zake. Kwenye hati ya umiliki andika jina la shirika lenyewe. Usisaini ukaacha nafasi ya mpokeaji wazi, kwani gari likipata ajali au faini kabla ya kuandikishwa upya, jina linaloonekana ni lako. Ijulishe ofisi ya magari ya jimbo: California inataka taarifa ndani ya siku 5. Kwa kawaida huko vibao vya namba hubaki na gari, lakini kwingine mwenye gari huving'oa. Gari la zaidi ya dola 500 lina fomu ya 1098-C, ambayo shirika hukupa ndani ya siku 30 tangu liuzwe, au tangu ulitoe ikiwa ni moja ya zile hali tatu. Bila fomu hiyo, usidai zaidi ya dola 500.

Wapo wasomaji wanaotaka kuipeleka pikapu nyumbani Afrika kwa zahanati au kituo cha yatima. Zawadi inayokwenda moja kwa moja kwa shirika la nje haipunguzi kodi ya Marekani. Tena usukani wa magari ya Marekani uko kushoto. Congo, Rwanda na Burundi, ambako magari hupita kulia, usukani huo hauna shida; Tanzania, Uganda na Kenya hupita kushoto, na Kenya kwa kawaida haipokei gari la usukani wa kushoto wala lililozidi miaka minane. Ulizieni masharti ya bandarini kabla ya kulipia meli.

Wiki ijayo tutaeleza jinsi ya kusoma mkataba kati ya shirika na wakala wake, na kujua ni senti ngapi za kila dola zinamfikia mlengwa. Aliye na gari la kutoa asubiri kwanza.