Kondoo Mwekundu na Minyoo

Nikipita vijijini huulizwa: "Bwana Mifugo, kondoo wangu wanachunga pamoja na dawa wanakunywa pamoja. Mbona masika yakija wanakufa hawa Dorper wakubwa, na wekundu wa Kimasai wanabaki?"

Sababu ni urithi. Kuna minyoo ya tumboni inayofyonza damu, na viluwiluwi vyake hukaa kwenye majani mabichi. Minyoo 5,000 yaweza kunyonya kama robo lita kwa siku. Ndipo ukope wa ndani huwa mweupe na taya huvimba.

Kondoo mwekundu naye hupata minyoo, lakini mwili wake umerithi nguvu ya kupambana nayo. Huko Diani, pwani ya Kenya, watafiti walizilinganisha aina hizi mbili mwaka 1991 hadi 1996. Mavi ya wanakondoo wekundu yalikuwa na mayai machache ya minyoo, na vifo vyao vilikuwa vichache.

Sisemi Dorper ni mbaya. Penye ukame hukua upesi. Lakini penye unyevu, usipandishe majike yako yote kwa dume la Dorper. Mbegu ya asili ikishapotea, duka la dawa haliiuzi.

Basi kagua kope mara kwa mara. Anayehitaji dawa kila wakati, usimwache azae. Dume la mbegu litoke kwa mama asiyesumbuliwa na minyoo.

Haya, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.