Mbao na Mafuta ya Viti vya Nje: Shauri kwa Wakulima wa Ipagala na Nchi ya Dodoma

Benchi la mbele ya nyumba ni kitu kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Hapo wazee huketi na kusikiliza mashauri, hapo mgeni hukaribishwa. Basi ni hasara benchi likifanywa mwaka huu na kuanguka mvua za mwaka ujao, kwa maana fedha imepotea, na mti mwingine hauna budi kukatwa. Watu wengi hudhani ya kuwa rangi ndiyo iokoayo benchi. Sivyo. Kwanza ni mti wenyewe, pili ni kuukausha, tatu ni kuuinua juu ya ardhi; mafuta na rangi ni ya mwisho.

1. Adui watatu

Kiti kikaacho nje kina adui watatu: maji, jua na mchwa. Mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimeta 570 hivi kwa mwaka, yaani inchi 22 na zaidi kidogo, nayo hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Miezi mingine ni jua kali na upepo mkavu. Kwa hiyo ubao hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa. Kuvimba na kusinyaa huku ndiko kupasuako mbao na kulegezako misumari. Jua nalo huharibu kile kishikacho nyuzi za mti, hata uso wa ubao ukawa wa kijivu. Kuoza huletwa na kuvu, nayo haiwezi kuota katika ubao mkavu. Mchwa hutoka ardhini.

2. Kuchagua mti

Tazama mwisho wa gogo lililokatwa. Nje utaona tabaka jeupe, ndani kiini chenye rangi iliyokoza. Tabaka jeupe lina chakula cha wadudu, nalo huoza upesi hata kama mti ni wa aina bora. Kwa kazi ya nje tumia kiini tu. Mtu auzaye mninga wenye ukingo mweupe mpana anakuuzia nusu mninga.

Mninga ni mzuri sana, kwa kuwa husinyaa kidogo tu, wala haupindi ovyo. Mkongo hudumu nje miaka mingi. Mpingo hauliwi upesi na mchwa, lakini ni mzito hata huzama majini, tena huchosha msumeno; wafaa miguu na vigingi kuliko mbao pana. Miti hii huota polepole, na kuikata katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa hiyo usidharau mwarobaini uliopandwa uani. Kiini chake chekundu huwashinda wadudu kuliko mbao nyingi laini, na mkulima aweza kuupanda mwenyewe.

Msindano utokao mashamba kama ya Sao Hill, Mufindi, ni mwepisi na rahisi kuranda, lakini bila dawa haudumu nje. Ule uliotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki huwa na rangi ya kijani kibichi. Huo usifanye meza ya chakula, wala vipande vyake usivichome jikoni, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu. Mkaratusi hupasuka na kupinda ukikaushwa kwa haraka.

3. Kukausha

Usiunde kiti kwa mbao mbichi. Zipange kivulini juu ya mawe, ukitia vijiti katikati ya kila ubao na mwenzake ili upepo upite. Paka rangi kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka kwanza na kupasuka. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene; katika ukavu wetu huweza kuwa upesi zaidi.

4. Kuunda

Acha nafasi ya robo inchi kati ya mbao za kukalia, ili maji yasituame. Viungo vya ulimi na tundu hushika kuliko misumari mitupu. Kila mguu usimame juu ya jiwe bapa, usichimbiwe ardhini kamwe. Mchwa wakitaka kupanda, watajenga njia ya udongo juu ya jiwe. Utaiona na kuibomoa. Mguu uliozikwa huliwa kwa siri.

5. Mafuta na rangi

Mafuta hayafanani. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hukauka na kuwa ngozi ndani ya mti. Mafuta ya nyonyo na ya karanga hayakauki, bali hunata na kushika vumbi. Ya alizeti hukauka kwa shida. Changanya kitani na tapentaini sawasawa kwa mkono wa kwanza, paka, ngoja robo saa, kisha futa yaliyobaki. Rudia mara mbili siku nyingine kwa kitani peke yake.

Jihadharini sana: matambara yaliyolowa mafuta haya, yakiachwa yamekunjwa, hupata joto lenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Yaanike wazi nje hata yakauke, au yazamishe katika ndoo ya maji.

Vanishi isiyo na rangi hupitisha jua, na mti huharibika chini yake hata vanishi ikabanduka. Rangi ya mafuta huzuia jua vizuri zaidi, mradi ubao uwe mkavu. Ukipaka mti mbichi umefungia maji ndani. Oili chafu ya magari isitumike: huchafua nguo, hudhuru ngozi, na huingia katika udongo wa shamba.

6. Matunzo

Kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, pindua benchi, bomoa njia za mchwa, kaza viungo, sugua na kupaka mafuta tena mkono mmoja. Mwenye mizabibu na akague nguzo zake siku hiyo hiyo, kwa maana adui ni wale wale. Na kwa kila mti uliokatwa, pandeni miwili.