Sauti yako ifike hata kama simu haipokelewi

Kati ya neno "linauzwa" na neno "limeuzwa" kuna tofauti ya herufi mbili tu. Herufi hizo mbili nusura zivunje ukoo mmoja wa hapa Misugusugu, na ndizo zilizotufanya tuandike makala hii.

Mama mwenye kisa hiki ni mjane, na hakubahatika kwenda shule. Ameturuhusu tueleze yaliyompata, ila jina lake tuliache. Ana shamba la mihogo na minazi michache aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mtoto wake wa kiume ni dereva wa lori la masafa marefu, njia ya Tunduma. Kama mjuavyo, malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapa kwetu kwenye Barabara ya Morogoro, na vijana wetu wengi wamepata kazi humo.

Siku moja mama alimkuta shemeji yake shambani na mtu mgeni, wanapima mipaka kwa hatua za miguu. Alirudi nyumbani akampigia mwanawe. Simu haikupatikana. Akapiga tena na tena, na alipompata mtandao ukakatika wakiwa bado wanasalimiana, na salio likaisha. Ndipo akamwomba kijana wa jirani amwandikie meseji. Mama alisema: "Mwambie shamba linauzwa, afanye haraka." Kijana akaandika: "Shamba limeuzwa fanya haraka."

Ujumbe ulimkuta dereva yuko kwenye foleni ya mpakani. Hakumpigia mama yake kwanza, alimpigia baba yake mdogo, akamtolea maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Baba mdogo naye, ambaye anasema alikuwa anauliza bei tu, aliapa kwamba hatakanyaga tena katika nyumba ile. Miezi mitatu ilipita bila kusalimiana. Na kwa kuwa yule kijana alikuwa na mdomo mwepesi, mtaa mzima ulijua habari ya shamba kabla ya jua kuzama.

Jambo la kusikitisha ni kwamba simu ya jirani aliyoitumia mama ilikuwa na uwezo wa kubeba sauti yake mwenyewe, maneno yake mwenyewe, bila mtu wa katikati. Mama hakulijua hilo. Kijana hakuwaza kumwambia.

Ujumbe wa sauti si jambo geni

Simu ya kawaida inahitaji watu wawili wawe tayari kwa wakati mmoja. Mmoja akiwa anaendesha gari, au yuko porini kusiko na mtandao, au amezima simu ili alale, simu haina msaada. Ujumbe wa sauti hauna sharti hilo. Unasema sasa, mwenzako anasikiliza atakapopata nafasi. Kwa namna hiyo unafanana na barua, ila hauhitaji kalamu wala macho mazima.

Watu walikuwa wakifanya hivyo kabla ya simu za mkononi. Kampuni ya Philips ilipotoa kaseti mwaka 1963, haikuchukua muda mrefu watu waliokuwa mbali na kwao wakagundua kwamba kaseti inaweza kubeba salamu na si muziki peke yake. Kaseti ya dakika 60 ilitosha salamu za nyumba nzima: baba upande wa kwanza, akina mama na watoto upande wa pili, na jogoo akiwika kwa nyuma. Ilipewa msafiri, ikafika baada ya wiki kadhaa, ikasikilizwa mpaka utepe ukachakaa.

Redio nayo ilibeba habari zetu. Wenye umri wetu wanakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, jinsi nyumba ilivyokuwa ikinyamaza kimya saa ya matangazo hayo ilipofika. Lakini pale sauti ilikuwa ya mtangazaji, na maneno yalikwisha pita mikononi mwa karani. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, BBC ilianzisha kipindi kilichoitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganishacho familia. Watu waliopotezana na ndugu zao, wakiwamo waliokuwa katika kambi za wakimbizi kule Ngara, walitafutana kupitia kipindi hicho. Hakuna aliyekuwa na namba ya kumpigia mwenzake. Walichokuwa nacho ni redio na tumaini kwamba ndugu anasikiliza mahali fulani.

Halafu zikaja simu za mkononi, na sisi tukabuni kubip. Kubip nako ni ujumbe, ingawa hauna sauti wala maneno. Mtafiti Jonathan Donner aliandika kuhusu kubip mwaka 2007 baada ya kuchunguza mambo nchini Rwanda, akaeleza kwamba kuna kanuni zake, kwa mfano kwamba mwenye uwezo ndiye anayetarajiwa kupiga. Hakuna Mtanzania aliyehitaji kufundishwa kanuni hiyo.

Kwa mwenye simu ya kupangusa

Njia inayotumika zaidi leo ni WhatsApp, ambayo iliongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013. Yule mama tulimfundisha kwa dakika kumi tu, akaelewa. Fungua jina la mtu unayetaka kumtumia. Chini upande wa kulia kuna picha ya kipaza sauti. Kibonyeze na usikiachie, sema, ukimaliza achia. Ukiachia tu, ujumbe umekwenda. Ukiona umekosea kabla ya kuachia, vuta kidole kuelekea kushoto, ujumbe utafutika. Kama una maneno mengi na kidole kinachoka, kisukume juu mpaka uone alama ya kufuli, kisha endelea kusema mikono ikiwa huru.

Baada ya hapo tazama alama. Vema moja maana yake ujumbe umetoka kwako. Vema mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Alama ya kipaza sauti ikigeuka kuwa ya buluu, amesikiliza. Kwa mtu asiyejua kusoma alama hizi ni msaada mkubwa, kwa maana hazihitaji herufi hata moja. Kama simu ya mwenzako imezimwa, ujumbe unamngojea hadi siku 30, ndipo unafutwa.

Kuhusu gharama, pande zote mbili zinahitaji bando la intaneti, lakini sauti ya dakika moja ni nyepesi, haifiki hata MB moja. Video ndizo zinazomaliza bando.

Wengi huchukia ujumbe wa sauti kwa sababu hupigwa hadharani na kila mtu akasikia. Mpokeaji akiiweka simu sikioni kama anayeongea, sauti hutoka kwenye spika ndogo na jirani hasikii. Mama naye aongelee mahali penye faragha. Na kama anatumia simu ya mtu mwingine, akumbuke kwamba ujumbe wake na majibu yake vinabaki kwenye simu ile. Amwombe mwenye simu avifute mbele yake, au asiseme humo jambo asilotaka lijulikane.

Kwa mwenye kitochi

Hapa njia ni chache, na hatutaki kuwadanganya. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauingii kwenye kitochi cha kawaida. Hata hivyo vitochi vingi vina sehemu ya kurekodi na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Unaweza kurekodi, ukatoa kadi, ukampa kondakta au dereva unayemwamini ampelekee ndugu yako. Ni kaseti ile ile ya zamani iliyokuwa ndogo. Ifunge vizuri kwenye karatasi, kwani kadi ile hupotea hata mfukoni.

Njia nyingine ni ya kuzungumza na watu wengi kwa mara moja. Shirika la Farm Radio International, linalofanya kazi na vituo vya redio hapa Tanzania na nchi nyingine za Afrika, lilitengeneza mtambo likauita kwa neno letu la Kiswahili, Uliza. Mkulima anabip namba iliyotangazwa redioni. Mtambo unampigia yeye, hivyo halipi kitu. Anasikia maelezo kwa lugha yake, anabonyeza namba, kisha anaacha swali lake kwa sauti. Watayarishaji wa kipindi husikiliza, na mtaalamu hujibu redioni. Tunaupenda mpango wa namna hii kwa sababu umechukua tabia yetu ya kubip, ambayo wengine waliiona ni ya ubahili, ukaifanya mlango wa mkulima mwenye kitochi kuuliza kuhusu mihogo yake. Ukisikia kipindi cha redio kinatangaza namba ya kubip, jaribu.

Sema nini, na uangalie nini

Tumesikiliza ujumbe mwingi wa sauti unaoanza kwa "Haloo, haloo, unanisikia?" Hakuna wa kukujibu! Anza kwa salamu fupi, taja wewe ni nani, siku na saa, na mahali ulipo, maana ujumbe unaweza kusikilizwa kesho kutwa, na neno "leo" likawa limepoteza maana. Kisha jambo moja. Namba au kiasi cha fedha kirudie mara mbili. Mwisho sema unachotaka mwenzako afanye. Mama yetu alipojifunza, ujumbe wake wa kwanza ulikuwa hivi:

"Baba, ni mimi mama yako. Leo Jumanne jioni, niko nyumbani Misugusugu. Shamba halijauzwa. Nasema halijauzwa. Baba yako mdogo alikuja na mtu kuangalia, basi. Usimpigie kwa hasira. Ukifika Mikumi nipigie mimi kwanza."

Katika maneno hayo hakuna nafasi ya kukosea herufi. Na kuna kitu ambacho meseji isingebeba: mwanawe alituambia kwamba alisikia mama yake hana hofu, naye hasira ikashuka.

Lakini sauti ina hatari zake. Kwa muda mrefu tumewazoea matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii". Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia kipande kifupi tu. Kwa hiyo kuifahamu sauti ya mwanao hakutoshi tena kukufanya utume fedha. Ukipokea ujumbe wa sauti unaoomba fedha, hasa kutoka namba ngeni, mpigie mhusika kwa namba yake unayoijua. Au muulize jambo ambalo ni ninyi wawili tu mnalijua, kama jina la mbuzi mliyekuwa naye zamani. Namba za matapeli zinaripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Na namba yako ya siri ya fedha usiitamke kamwe katika ujumbe wa sauti, hata kwa mume au mke, kwa sababu sauti hiyo inaweza kutumwa mbele kwa watu wengine.

Watu wametuuliza pia kama ujumbe wa sauti unaweza kuwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani, na hakimu hupima jinsi zilivyotunzwa. Basi usifute ujumbe unaohusu jambo zito, na usiukatekate. Hata hivyo sauti haichukui nafasi ya hati. Makubaliano ya kuuza ardhi yanatakiwa yawe ya maandishi. Mama yetu tulimshauri aende na mwanawe na shemeji yake kwa mwenyekiti wa mtaa, waandikiane kuhusu shamba lile.

Walikwenda wote watatu. Baba mdogo alikubali kuja baada ya kupokea ujumbe wa sauti wa dereva. Hatukuusikia, na hatukuuliza ulisema nini, ila mama anasema shemeji yake aliusikiliza mara mbili akiwa amekaa kibarazani, kisha akaomba maji ya kunywa.