Mvua Isipite Shambani Bure

Tunapozungumzia mkulima mdogo na mabadiliko ya tabianchi, macho yetu huelekea mawinguni. Tuna sababu. Katika Pembe ya Afrika, ikiwemo mashariki na kaskazini mwa Kenya, misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 ilipita mvua ikiwa haba. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko ya El Niño. Hata hivyo, mahindi na kunde hazinyweshwi na mvua iliyonyesha, bali na ile iliyobaki kwenye udongo. Ndiyo maana naamini kuwa kinga ya kwanza ya mkulima wa maeneo makame ni kuyazuia maji shambani mwake, kabla hata ya kufikiria mbegu mpya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000, kwa hiyo mvua ya milimita 30 humletea mwenye ekari moja lita 120,000. Mvua hiyo ikimwagika kwa saa moja tu kwenye mteremko mtupu, sehemu kubwa huishia korongoni pamoja na udongo wa juu wenye rutuba. Kadiri dunia inavyopata joto ndivyo hali hii inavyozidi, kwa kuwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Mkulima anaweza kupata mvua ya kutosha kwa vipimo vya msimu na bado akavuna mabua.

Machakos, mashariki mwa Kenya, inatuonyesha kwamba kuyazuia maji shambani kunawezekana. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiona kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao: kati ya 1932 na 1990 idadi ya watu huko iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua. Nguzo mojawapo ya mageuzi hayo ilikuwa matuta ya fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaokata mteremko, udongo akaurusha upande wa juu ukawa ukingo, kisha akaushikilia kwa nyasi ambazo pia ni lishe ya ng'ombe. Miaka ikipita, shamba hujisawazisha lenyewe na maji huzama badala ya kukimbia. Ukingo huo huo unaotunza unyevu wakati wa ukame huvunja kasi ya maji wakati wa gharika.

Wapo watakaosema kazi hii ni nzito mno, hasa kwa wanawake ambao ndio wengi mashambani. Ni kweli, na ndiyo sababu Wakamba, wenyeji wa Machakos, waliifanya kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana kwa zamu. Wengine watasema Machakos ilibahatika kuwa karibu na soko la Nairobi na kuwa na kahawa ya kuuza. Hilo nalo ni kweli, lakini linaimarisha hoja: mtu huwekeza jasho lake kwenye ardhi anayojua ni yake na yenye mazao yatakayonunuliwa. Matuta ya kulazimishwa na wakoloni yalichukiwa. Yaliyodumu ni yale ambayo watu waliyachagua wenyewe. Na mvua ikiwa haba mno, tuta halizalishi maji. Hapo ndipo mtama, bima ya mazao na akiba ya chakula huwa na kazi yake.

Mkulima mdogo hakuichafua anga, hivyo si haki aachiwe gharama zote. Serikali za kaunti na wafadhili waanze kulipia siku za kazi za kuchimba matuta kama wanavyolipia barabara, wapeleke maofisa ugani wenye kamba na pimamaji vijijini, na wahakikishe hati za ardhi zinamfikia anayelima, mwanamke akiwemo. Kazi hiyo ifanyike wakati wa kiangazi, kabla mawingu hayajatanda.